Binti wa maksi 17 na mstari wa 18: kisa cha maksi za Biolojia kidato cha pili

Maksi ilikuwa 17 kati ya 40 na mstari ulikuwa 18. Mama yake binti alikuja shuleni Alhamisi asubuhi kabla hata ya paredi kuisha, anaelekea sokoni Majengo ambako anauza zabibu na karanga, akasema hataki maneno mengi, anataka karatasi ya mwanae isahihishwe upya mbele yake, maana haiwezekani mtoto aachwe kwa swali moja.

Niweke mazingira kwanza. Shule yetu ni ya kata, pembezoni mwa jiji la Dodoma, mimi ni mwalimu wa hesabu na kwa sababu niliwahi kusoma takwimu kidogo chuoni basi kila chenye namba kinaletwa mezani kwangu. Mwezi wa saba mkuu wa shule aliamua wanafunzi wa kidato cha pili wagawanywe kwa jaribio la Biolojia la maswali 40 ya kuchagua: atakayepata asilimia 45 kwenda juu anaendelea kawaida, atakayekuwa chini anaingia darasa la jioni, saa tisa na nusu mpaka saa kumi na moja, kila siku. Asilimia 45 hakuibuni, ndo mpaka wa C kwa madaraja ya NECTA, baraza la mitihani la taifa. Kwenye maswali 40 hiyo ni 18 kamili. Walifanya wanafunzi 112, wakapatikana 25 wenye 17 kushuka chini.

Sasa huyu mama hakuwa na shida na darasa la jioni kama darasa. Shida yake ni kwamba binti akitoka shule ndo anamsaidia mezani sokoni jioni, wateja wengi wanapita saa hizo wakitoka kazini. Kwa hiyo swali moja la Biolojia lilikuwa linagharimu hela nyumbani kwake, na hapo ndipo mi nikaanza kuliangalia hili jambo kwa umakini kuliko nilivyotaka.

Tukaitoa karatasi. Kwetu maswali ya kuchagua yanasahihishwa kwa kipande cha manila kilichotobolewa matundu, unakilaza juu ya karatasi ya majibu unahesabu duara zilizoonekana. Kile kipande kikisogea mstari mmoja umeharibu karatasi nzima, nimeshaona. Tukakilaza taratibu, mama kasimama nyuma ya bega langu anahesabu na yeye kwa sauti ya chini. Kumi na saba. Nikageuza nikahesabu kwa mkono bila manila, kumi na saba ile ile.

Mama akanyamaza, akasema haya mwalimu, basi nimekubali, mwanangu kafeli.

Ningeweza kuishia hapo na kila mtu angeridhika, ila nilijua kwamba jibu nililompa ni la swali ambalo halikuwa lenyewe. Usahihishaji ulikuwa sawa, hakuna aliyekosea kuhesabu, lakini hiyo haina maana kwamba tumejua binti yuko chini ya 18. Hivi ni vitu viwili tofauti na watu wengi, walimu tukiwemo, tunavichanganya. Tukisikia kosa kwenye maksi tunawaza mkono wa mwalimu umeteleza. Kumbe kuna kosa jingine linalobaki hata kila mtu akifanya kazi yake vizuri, kwa sababu maswali 40 ni kasampuli kadogo tu ka vitu mtoto anavyovijua na asivyovijua, ungetunga 40 mengine ya mada zile zile angepata 19, au 15, au 17 tena.

Nikamuuliza binti, katika yale 40 ni mangapi ulizungusha tu bila kujua. Akacheka akaangalia chini, akasema kama kumi na sita hivi, sir. Haya, piga hesabu hapo: kila swali lina majibu manne, kubahatisha mara 16 kunakupa wastani wa maswali 4, lakini hizo 4 si za uhakika, bahati yenyewe inacheza juu chini kwa kama swali moja na robo tatu (mzizi wa 16 mara 0.25 mara 0.75, ambayo ni mzizi wa 3). Yaani kwa bahati peke yake, hata kabla hujafikiria maswali yalitungwaje wala kama alikunywa uji asubuhi, mtoto yule yule anatoka na 16 au anatoka na 19. Na sisi tumechora mstari kwenye 18 tumeulinda kama geti la ikulu.

Nikataka namba ya mtihani mzima sasa, maana habari za binti mmoja hazitoshi. Nikaingiza majibu yote kwenye Ekseli, wanafunzi 112 kwa maswali 40, moja kama kapata sifuri kama kakosa, kazi ya usiku mbili na umeme ulikatika mara moja. Kitu cha kwanza nilichokiona hakikuwa hata kosa la kipimo, lilikuwa swali la 31. Kwenye kila swali unategemea waliofanya vizuri jumla ndo walipate zaidi, lakini la 31 lilikuwa kinyume, wale wa juu wamelikosa kwa wingi na wa chini wamelipata. Nikalisoma. Liliuliza tishu ipi inasafirisha vitu kwenye mmea, jibu la mwongozo ni A ambalo ni zailemu, lakini C ilikuwa floemu, na floemu nayo inasafirisha, chakula. Aliyesoma sana alichanganyikiwa, asiyesoma akachukua ya kwanza kuonekana. Mwalimu wa Biolojia alikasirika dakika tano halafu akakubali wote wa C wapewe. Binti wetu alikuwa amechagua D. Akabaki na 17.

Namba zote ninazotaja hapa ni baada ya kurekebisha hilo swali. Wastani ulitoka 22, na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha maksi zilivyotawanyika kuzunguka wastani, ulikuwa 6.

Kilichofuata ni uthabiti, yaani namba ya sifuri mpaka moja inayosema maksi zingejirudia kiasi gani kwa mtihani mwingine wa aina hiyo hiyo. Wenye haraka wana njia ya mkato ya kuupata, kanuni ya Kuder na Richardson namba 21, inahitaji vitu vitatu tu: idadi ya maswali, wastani na ule mkengeuko. Ilinipa uthabiti wa 0.74. Ila hiyo inachukulia maswali yote yana ugumu sawa, kitu ambacho si kweli, kwa hiyo inapunja kidogo. Kwa kuwa nilikuwa na majibu ya kila swali nikatumia namba 20. Watu huwa wanauliza kwa nini 20, hakuna siri, ilikuwa tu kanuni ya ishirini kwenye andiko lao la 1937. Unachukua kila swali, waliopata kwa sehemu ya mmoja mara waliokosa, mfano swali la 23 walipata 101 kati ya 112, hiyo ni 0.90 mara 0.10, inatoka 0.09, unajumlisha yote 40. Jumla yangu ilikuwa 8.62. Unagawa kwa 36, ambayo ni 6 mara 6, unapata 0.239, unatoa kwenye moja, unazidisha na 40 kwa 39. Ikatoka 0.78.

Sikuamini sana kwa hiyo nikapima na njia ya kizamani zaidi, kukata mtihani vipande viwili, namba witiri huku namba shufwa kule, unaangalia uhusiano wa maksi za vipande viwili. Ulikuwa 0.63. Lakini hiyo ni ya mtihani wa maswali 20, nusu, kuurudisha kwenye 40 kuna kanuni ya Spearman na Brown, walioitoa kila mtu kivyake mwaka 1910: mara mbili ya 0.63 gawa kwa 1.63, inatoka 0.77. Sawa na 0.78, basi nikatulia.

Halafu ndo kitu chenyewe. Uthabiti wa 0.78 ukimwambia mzazi hauna maana yoyote kwake, na nadhani hata kwa walimu wengi hauna. Cronbach, ambaye jina lake liko kwenye ile alfa ya 1951, kipimo cha uthabiti kinachotumika kila mahali, mwishoni kabisa mwa maisha yake aliandika kwamba kosa sanifu la kipimo ndo taarifa muhimu kuliko hiyo alfa, na mi nakubaliana naye kwa asilimia zote. Kulipata ni rahisi: mkengeuko sanifu mara mzizi wa moja toa uthabiti. Sita mara mzizi wa 0.22. Maswali 2.8.

Maana yake ni hivi. Chukulia binti ana kiwango chake halisi, kile ambacho angekipata kwa wastani kama tungempa mitihani ya aina hii mingi sana bila yeye kuchoka wala kujifunza kitu. Kila mtihani mmoja unatua karibu na hicho kiwango, mara mbili kati ya tatu hivi unatua ndani ya maswali 2.8 juu au chini, na mara moja kati ya tatu unatua mbali zaidi ya hapo. Kwa asilimia hiyo 2.8 ni pointi 7. Na sisi tulikuwa tunagombana kwa pointi 2.5.

Nikawaita mama na mkuu wa shule ofisini, Jumatatu. Mkuu nilimwonyesha hesabu kwenye laptopu akawa anakunja uso. Mama sikumwonyesha hesabu, nilimuuliza, mama, ule mzani wako wa saa pale Majengo, mwezi huu wa upepo ukiweka zabibu kilo moja mshale unatulia? Akasema hautulii mwalimu, upepo wa Dodoma unaujua, sahani inayumba mshale unacheza, unasoma pale katikati. Na mteja akikwambia ni gramu 980 siyo kilo? Akasema namwambia subiri upepo upite, au napima tena. Halafu akaongeza kitu ambacho sikumfundisha: lakini kila asubuhi naanza kwa kurudisha mshale kwenye sifuri, maana ukianza umekaa vibaya hata upepo usipokuwepo utaniibia siku nzima.

Nikamwangalia mkuu. Huyu mama kwa sentensi mbili katenganisha kosa la kuyumba na kosa la kuegemea upande mmoja, na kile nilichokihesabu kwenye Ekseli ni la kuyumba tu. La kuegemea halionekani kwenye kanuni ya 20 hata ufanyeje. Mfano mtihani wetu uko kwa Kiingereza. Kuna watoto pale ukiwauliza kwa Kiswahili kazi ya figo wanakueleza mpaka unachoka, ukiwawekea kwa Kiingereza wanazungusha ovyo. Hao wanapunjwa kila swali, kwa mtindo ule ule, na kwa sababu wanapunjwa kwa mtindo ule ule uthabiti haushuki, unaweza hata kupanda. Kwa hiyo ukiona 0.78 usifikiri mshale ulianzia sifuri. Hilo ni jambo jingine na sikulitatua, nalisema tu lisije likasahaulika.

Mkuu akauliza swali zuri kwa hasira: kwa hiyo unataka kuniambia wale wenye 19 nao hatujui? Ndiyo mkuu, wenye 19 na wenye 20 nao hatujui. Ukilinganisha wanafunzi wawili kosa linakua zaidi, maana wote wawili wanayumba, unazidisha 2.8 kwa mzizi wa mbili inakuja 4. Huyu wa 17 na yule wa 19 huwezi kusema nani anajua zaidi.

Kuna ujanja mwingine ambao niliujaribu kimya kimya nikauacha. Kanuni ya Kelley inasema kadirio zuri la kiwango halisi ni kuivuta maksi kuelekea wastani wa kundi: 0.78 mara 17, jumlisha 0.22 mara 22, unapata 18.1. Umeona? Binti kavuka mstari. Ningeweza kwenda nayo ofisini nikamaliza kesi. Lakini fikiria unachomweleza mtoto mwingine: maksi yako tumeipandisha kwa sababu wenzako ni wazuri, na ukihamia shule yenye wastani wa 14 maksi hiyo hiyo tungekushusha. Kwa kukisia kundi zima ni sawa, kwa kumwamulia mtoto mmoja mi siwezi.

Tulichofanya ni kama mama alivyosema, tukapima tena. Siyo wote 112, hela ya kurudufu karatasi haikuwepo, tulichukua wenye 15 mpaka 21, yaani walio ndani ya maswali matatu ya mstari pande zote mbili. Wakawa 41: 14 chini ya mstari na 27 juu. Mwalimu mwingine wa Biolojia akatunga karatasi mpya kwa mgawanyo ule ule wa mada, na safari hii tukaisoma kabla tukitafuta floemu zingine. Wale 27 walilalamika sana na mi nawaelewa, mtu ameshapita unamwambia arudi.

Majibu yalipotoka, kati ya 14 wa chini 6 walivuka kwenda juu. Kati ya 27 wa juu 7 walidondoka. Watoto 13 kati ya 41 walibadilisha upande bila mtu kuwafundisha chochote katikati, karibu theluthi. Kuna kijana mmoja mpole, wa kukaa dirishani, alikuwa na 16 na hakuna mzazi aliyekuja kumlilia, akapata 23. Angekaa jioni miezi mitatu kimya kimya.

Binti wetu alipata 17. Tena.

Mi nilicheka, mama hakucheka. Ila mama alisema sasa hivi naamini kidogo zaidi, umepima mara mbili. Na yuko sahihi hata kihesabu: ukichukua wastani wa karatasi mbili kosa linashuka kutoka 2.8 kwenda 2 kamili, uthabiti unapanda mpaka 0.88. Bado 18 haijatoka kabisa nje ya uwezekano, lakini imesogea mbali kidogo.

Mambo mawili ya pembeni ambayo yalinifurahisha kuliko kesi yenyewe. La kwanza, wale 14 wa chini wastani wao ulipanda kutoka 16.1 kwenda 17.3. Kama darasa la jioni lingekuwa limeshaanza wiki mbili kabla, mwalimu wake angesimama kwenye kikao akasema mnaona matunda, na tungempigia makofi. Hakukuwa na darasa. Ukichagua watu kwa sababu maksi zao ni ndogo, umechagua na waliokuwa na bahati mbaya siku ile, ukiwapima tena bahati mbaya haiwafuati wote. La pili, mwalimu wa Fizikia alichukua hizo karatasi mbili za wale 41 akapiga uhusiano akapata 0.36, akaja mbio anasema mtihani wenu ni takataka, 0.78 yako umeitoa wapi. Nikamwambia kaka, umechukua watoto ambao wote wana 15 mpaka 21, umeshawafananisha kabla hujawapima, hapo tofauti iliyobaki nyingi ni upepo tu. Ungewapima wote 112 ungeona.

Uamuzi wa shule ulikuwa wa kati kwa kati. Wenye wastani wa karatasi mbili chini ya 16 jioni ni lazima, wenye 16 mpaka 20 wanashauriwa na mzazi ndo anaamua, wa juu ya hapo wako huru. Binti akaangukia kundi la kati, mama akachagua siku mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, siku ambazo sokoni hakuna watu sana. Kwa muhula ujao mwalimu wa Biolojia amekubali kutunga maswali 60, hiyo kwa makadirio inapeleka uthabiti 0.84 na kosa linashuka chini kidogo ya pointi 6 za asilimia, ingawa mkuu bado anahesabu gharama ya karatasi.

Na tumejaribu kitu kwenye ripoti za wazazi, badala ya kuandika 17 peke yake tukaandika 17 na pembeni yake mabano 14 mpaka 20. Siku ya kikao cha wazazi wa kwanza kufika mezani kwangu alikuwa baba mmoja wa Nala, akaisoma ripoti ya mwanae taratibu, akaweka kidole juu ya ile namba kubwa kwenye mabano akaniuliza, mwalimu, sasa hii si ndo maksi yake yenyewe, hiyo nyingine mmeandika ya nini?